Mji bora wa kazi ya mbali: Lisbon, Dubai ao Katuba?

Lubumbashi, Haut-Katanga. – Siku ya Jumatano, saa moja ya jioni, kuran ilikatika tena katika komini ya Katuba. Msichana mmoja wa miaka 26, anayetafsiri maandishi ya Kifaransa na Kiswahili kwa ajili ya kampuni moja ya Ulaya, alikuwa amebakiza kurasa nne. Kazi ilipaswa kutumwa kabla ya saa sita usiku. Bateri ya kompyuta yake imechoka, haimalizi hata dakika ishirini. Alifunga kompyuta, akaificha ndani ya mfuko wa unga ili wezi wasiijue, akapanda basi mpaka katikati ya mji. Huko aliingia katika hoteli moja yenye jenereta, akanunua soda moja, akakaa karibu na priza.

Saa tatu mhudumu alimkaribia.

– Yaya, utaongeza kitu?

– Bado, ndugu yangu. Niache nimalize hii kwanza.

– Ni patron anauliza.

Akanunua soda ya pili. Kazi ilitumwa saa tano na dakika 40. Basi zilikuwa zimekwisha, akarudi kwa pikipiki, usiku, katika mji ambamo kila mzazi anajua maana ya binti kurudi saa hiyo. Soda mbili, basi na pikipiki vilikula sehemu nzuri ya pesa aliyoipata siku ile.

Juma hilohilo, katika makundi ya WhatsApp ya vijana wa Lubumbashi, kulikuwa kunazunguka orodha ya “miji bora duniani ya kufanyia kazi ya mbali”. Lisbon, Barcelona, Dubai, Tbilisi, Chiang Mai, Mexico, Medellín. Kila mji na nyota zake: intaneti, hali ya hewa, bei ya nyumba, kahawa nzuri. Chini ya orodha, mmoja ameandika: “Vijana, tokeni, hapa hakuna kitu.” Mwingine akajibu: “Serkali nayo ilete hao wageni wenye kompyuta hapa kwetu, waache dola.”

Wote wawili wamekosea, na orodha yenyewe ndiyo iliyowakosesha. Orodha za namna hiyo zinapima mji kama vile mpangaji anavyopima chumba cha wiki mbili. Haziulizi mtoto wa mji ule kama anaweza kufanya kazi nyumbani kwao. Na swali hilo ndilo pekee linaloifaa Lubumbashi.

Kazi moja, watu wa namna mbili

Kazi ya mbali ni kazi inayofanywa kwa kompyuta, mwajiri akiwa mji mwingine ao nchi nyingine. Ilikuwako zamani, lakini iliota mabawa wakati wa Korona, mwaka 2020, ofisi zilipofungwa. Mwaka huohuo Barbados na Estonia zikaanza kutoa visa za pekee kwa watu wa kazi hiyo. Nchi nyingi zikafuata, na tangu hapo miji inashindana kuwaita.

Lakini chini ya jina hilo moja kuna watu wa namna mbili. Wa kwanza analipwa mshahara wa London ao wa New York, anaubeba mpaka mji wa bei ya chini, anaishi vizuri kuliko wenyeji. Wa pili yuko mji wa bei ya chini tangu kuzaliwa kwake, na anauza kazi yake kwa mji wa bei ya juu, kwa malipo madogo. Wa kwanza anaitwa msafiri wa kisasa. Wa pili hana jina katika orodha.

Namna hiyo ya pili inajulikana katika Afrika Mashariki. Mwezi wa kwanza 2023, gazeti Time la Marekani liliandika juu ya wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wanasoma na kuchambua maandishi machafu kabisa ili kufundisha programu za akili bandia za kampuni ya Marekani. Malipo yao yalikuwa chini ya dola 2 kwa saa. Nao walikuwa wanafanyia kazi mji wa mbali. Hakuna orodha iliyowahesabu walipoandika kwamba Nairobi ni mji mzuri wa kazi ya mbali.

Msichana wa Katuba ni wa kundi hilo. Maneno anayoyatafsiri yanavuka mipaka kila siku bila visa. Mwenyewe hawezi.

Mlango uko na bei

Wale wanaosema “tokeni” wasome kwanza kilichoandikwa mlangoni.

Ureno ilianza visa yake ya kazi ya mbali mwezi wa kumi 2022. Anayeiomba anapaswa kuonyesha mapato ya kila mwezi yasiyopungua mara nne ya mshahara wa chini wa Ureno. Mwaka 2025 mshahara huo ulikuwa euro 870, maana yake anayeomba alihitaji euro 3,480 kila mwezi. Dubai inaomba dola 3,500 kwa mwezi. Barbados ilianza kwa kuomba mapato ya dola 50,000 kwa mwaka, na malipo ya visa peke yake dola 2,000. Thailand, tangu 2024, inaomba baht 500,000 katika akiba, zaidi ya dola 13,000.

Kijana wa Lubumbashi anayepata dola 400 kwa mwezi kwa kazi ya kompyuta anaonekana mtaani kama mtu aliyefanikiwa. Analipa nyumba, anasomesha wadogo zake wawili, anamnunulia mama dawa ya presha. Ili aingie Lisbon kwa mlango huo, anapaswa kupata karibu mara kumi ya hiyo.

Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, unasifiwa kuwa rahisi kuliko yote: raia wa nchi zaidi ya 90 wanaingia bila visa na kukaa mwaka mzima. Kongo haimo katika hesabu hiyo. Nyota tano za Tbilisi ni za mwenye pasipoti nyingine.

Na pasipoti yenyewe? Kwa miaka mingi ya Kongo iliuzwa dola 185, kati ya zile za bei ya juu kabisa duniani. Mwaka 2017 shirika la habari Reuters lilionyesha kwamba katika kila dola 185, ni dola 65 tu zilizoingia kwa serkali. Bei imeshushwa mwaka 2025 mpaka dola 75, na hilo ni jambo jema. Lakini mwenye pasipoti mpya mara nyingi bado anapaswa kufuata visa katika balozi za Kinshasa, na kutoka Lubumbashi kwenda Kinshasa, mwenye haraka hana njia nyingine ila ndege. Visa ya muda mfupi ya Ulaya inalipwa euro 90 tangu mwezi wa sita 2024. Ikikataliwa, pesa hairudi.

Mlango uliolegea kidogo uko upande wa Mashariki. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu tarehe 1 mwezi wa tisa 2023 Mkongomani haombi tena visa ili kuingia Kenya. Hilo ni tendo la kweli, lenye faida kuliko hotuba kumi. Lakini ruhusa ya kutembea haikupi kibali cha kufanya kazi, na kodi ya nyumba ya Nairobi haingojei mtu atafute kibali.

Basi “tokeni” ni shauri la nani? Ni shauri la aliye na pesa ya kutoka. Hao ni wachache, na wanapotoka wanaacha mji na vijana wengi zaidi wasioweza.

Siku moja ya Lisbon

Tarehe 28 mwezi wa nne 2025, Uhispania na Ureno zilikosa umeme karibu nchi nzima. Treni zilisimama, watu walikwama katika lifti, taa za barabarani zilizimika. Usiku ulipoingia, umeme ulikuwa umeanza kurudi. Redio zote za dunia zilitangaza. Mawaziri waliitwa kujieleza, wataalamu waliandika ripoti, wabunge waligombana juu ya nani mwenye kosa.

Ilikuwa siku ya Jumatatu. Katika Katuba, siku ya namna ile inaitwa Jumatatu tu.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya Lisbon na Lubumbashi, kuliko bahari na kahawa. Kule, kukosa umeme kwa saa kumi ni habari, na kuna mtu anayepaswa kujibu. Hapa, mkaaji anajifunza kutouliza. Mwenye pesa ananunua jenereta, aliye na kidogo ananunua paneli ndogo ya jua, asiye na kitu ananunua soda hotelini.

Na isisemwe kwamba nchi haina umeme. Inga I ilianza kazi mwaka 1972, Inga II mwaka 1982. Pamoja, mashini zake ziliwekwa kwa nguvu ya megawati 1,775. Kutoka Inga mpaka Kolwezi kulijengwa waya wa kilomita karibu 1,700, ulete umeme wa mto Kongo katika migodi ya Katanga. Waya ule unapita juu ya vijiji ambavyo mpaka leo vinawasha vibatari. Katika Kongo nzima, karibu mtu mmoja tu kati ya watano ndiye anayefikiwa na umeme.

Katanga yenyewe iko na mabwawa yake. Mwadingusha, kwenye mto Lufira, lilitengenezwa upya kwa pesa ya kampuni ya mgodi, na mwaka 2021 likafika megawati 78. Busanga, kwenye Lualaba, megawati 240, lilijengwa kwa ajili ya mgodi wa Wachina na washirika wao wa Kongo. Kampuni za migodi zinanunua umeme mwingine mpaka Zambia. Kwa hiyo umeme upo, unapita, na unalipiwa. Unachokosa ni njia ya kuingia Katuba.

Kuna jambo lingine linalouma. Zaidi ya sehemu 70 kwa mia ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, karibu yote katika Lualaba na Haut-Katanga. Kobalti hiyo inaingia katika bateri za simu na za kompyuta. Msafiri wa kisasa anayekaa katika mgahawa wa Lisbon na kompyuta yake kwenye mapaja, anafanya kazi kwa jiwe lililotoka barabara ya Kolwezi. Msichana anayeishi karibu na jiwe hilo hana bateri ya kumaliza kurasa nne.

Wageni wenye dola

Sasa wale wa shauri la pili: tuwaite wageni, walete dola. Shauri hili linapendwa katika semina. Linavutia kwa sababu halihitaji kuchimba mtaro wowote wala kusimamisha nguzo ya umeme. Linahitaji tangazo tu.

Lakini miji iliyotangulia imeacha ushuhuda. Mwezi wa kumi 2022, wakuu wa mji wa Mexico walitia sahihi mapatano na Airbnb na UNESCO ili kuwavuta watu wa kazi ya mbali. Tarehe 4 mwezi wa saba 2025, wakaaji waliandamana katika mitaa ya Condesa na Roma, wakipinga bei za nyumba zinazowafukuza. Madirisha ya maduka yalivunjwa. Lisbon iliona maandamano makubwa ya watu wanaodai nyumba mwezi wa nne 2023. Barcelona, meya alitangaza mwezi wa sita 2024 kwamba ruhusa za nyumba 10,101 za watalii hazitaendelea baada ya mwezi wa kumi na moja 2028. Tbilisi, mwaka 2022, bei za nyumba zilipanda mbio baada ya Warusi wengi kukimbilia pale kwa sababu ya vita vya Ukraine.

Haki isemwe: si watu wa kompyuta peke yao waliopandisha bei hizo. Kuna utalii, kuna matajiri wanaonunua nyumba na kuzifunga, kuna serkali ambazo hazikujenga. Na mtu anayetafuta mahali pa kuishi kwa bei nafuu hana dhambi. Lakini fundisho ni wazi. Mji ukimleta mgeni mwenye mshahara mara kumi kabla ya kumtayarishia mwenyeji nafasi, mwenyeji ndiye atakayelipa karamu.

Lubumbashi haihitaji kwenda Mexico kujifunza hilo. Migodi imeshaufundisha mji. Katika mtaa wa Golf, nyumba zinahesabiwa kwa dola, na garanti ya miezi kadhaa inalipwa kwa mara moja, kwa sababu kampuni zinaweza kulipa. Mwalimu anayelipwa kwa franka hapiti hata njia ile. Wakiletwa wageni wa kompyuta, watakaa Golf, watatumia jenereta ya mwenye nyumba na dishi lake la intaneti, watakunywa kahawa, wataondoka. Katuba haitaongezewa taa hata moja. Na katika orodha ya dunia, Lubumbashi itaandikiwa nyota tatu.

Serkali na simu ya mkaaji

Wengine watasema: muda utafika, nchi inaendelea. Mambo kadhaa yamefanyika, ni kweli. Nyaya za intaneti za baharini zinafika Muanda tangu 2013. Kuna sheria ya mambo ya kidijitali tangu mwezi wa tatu 2023. Starlink, iliyokatazwa mwezi wa tatu 2024, ilipewa ruhusa mwezi wa tano 2025. Lakini dishi ni mali ya mwenye mfuko mzito. Kijana wa kawaida bado ananunua mega kwenye simu, leo za siku moja, kesho za saa moja.

Serkali, katika miaka hii, imemfikia kijana huyo kwa njia mbili ambazo hatazisahau.

Njia ya kwanza ni kumfungia. Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika nchi nzima. Ilirudi baada ya siku karibu 20. Mfanyakazi wa kiwanda akikosa kiwanda siku 20, watu wanamwelewa. Anayefanya kazi ya mbali akipotea siku 20, mwajiri wake wa ng'ambo anatafuta mtu mwingine siku ya tatu. Mji usioweza kuahidi kwamba intaneti haitakatwa kwa amri hauwezi kuitwa mji wa kazi ya mbali, hata uwe na nyaya za dhahabu.

Njia ya pili ni kumkata. Kati ya 2020 na 2022, kila mwenye simu alikatwa yunite kwa jina la RAM: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G ao 4G. Wakaaji walipiga kelele, wabunge wakapiga kelele, malipo yakafutwa. Nchi ilikuwa imeandika mpango wa kidijitali wenye jina la “Horizon 2025”, na wakati huohuo ilikuwa inamtoza mwenye chombo cha kufanyia kazi hiyo. Mwaka 2025 umepita. Msichana wa Katuba bado ananunua soda.

Hapo pia kuna suala la malipo. Njia nyingi za kulipwa kutoka ng'ambo hazifunguki sawasawa kwa mwenye anwani ya Kongo. Vijana wanapitisha pesa yao kwa rafiki wa Nairobi ao wa Ndola, naye anakata sehemu yake kabla ya kuituma kwa simu. Goma, baada ya vita vya mwezi wa kwanza 2025, benki zilifungwa, na aliyekuwa anategemea akaunti alibaki na karatasi. Lubumbashi ina amani na benki ziko wazi. Haina sababu ya kumwacha kijana wake apate mshahara kama mtu anayepitisha magendo.

Pesa iko wapi

Swali la mwisho ni lile linaloulizwa kila mara: pesa itatoka wapi? Jibu limeandikwa katika sheria ya migodi ya mwaka 2018. Katika malipo ambayo kampuni inatoa kwa madini iliyoyauza, sehemu 50 kwa mia ni za serkali kuu, 25 za jimbo, 15 za komini ao sekta ambamo mgodi uko, na 10 za mfuko wa vizazi vijavyo. Mbali na hayo, kampuni inapaswa kutoa 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji walio karibu na mgodi.

Pesa hiyo si msaada wa mzungu wala mkopo wa benki. Ni haki iliyopigiwa kura. Na jengo moja la kufanyia kazi, lenye paneli za jua, bateri, intaneti na mlinzi mlangoni, si Inga ya tatu. Ni jengo dogo kuliko mapokezi ya hoteli. Jimbo lenye sehemu 25 kwa mia ya malipo ya migodi haliwezi kusema kwamba limeshindwa kulijenga katika Katuba, katika Kenya, katika Kamalondo, katika Rwashi na karibu na chuo kikuu. Komini zisizo na mgodi zidai kwa jimbo. Zilizo na mgodi zidai kwa wakuu wao wenyewe.

Mambo manne yanaweza kuanza bila kungoja uchaguzi mwingine. La kwanza, SNEL itangaze kila Jumapili, kwa redio, saa za delestaji za kila mtaa, na ziheshimiwe. Kijana akijua kwamba kuran itakatika Jumatano saa moja, atafanya kazi Jumatano asubuhi. La pili, nyumba za kufanyia kazi zilizotajwa, moja kwa kila komini, zifunguliwe mpaka usiku, zenye mlango salama kwa wasichana. La tatu, wabunge waandike wazi katika sheria kwamba hakuna mkuu anayeweza kukata intaneti ya nchi kwa barua ao kwa simu. La ine, benki kuu na kampuni za pesa kwa simu zikae meza moja, ili mshahara wa kutoka ng'ambo uingie katika simu ya Lubumbashi bila kupita kwa rafiki wa Ndola.

Hayo hayatapandisha Lubumbashi katika orodha ya nyota. Hakuna msafiri wa kisasa atakayeyaona. Lakini kila dola 400 inayoingia Katuba inabaki Katuba: kwa muuza unga, kwa mwenye nyumba, kwa prefe wa masomo, kwa fundi anayebadilisha bateri. Mgeni wa Golf hataleta hesabu ya namna hiyo.

Mabunge ya majimbo yanakaa mwezi wa tisa kuchunguza bajeti. Katika siku hizo, mbunge wa jimbo anarudi mtaani, anasalimia watu, anakubali soda. Wakaaji wa Katuba wamwulize swali moja: katika sehemu 25 kwa mia za jimbo, ni ngapi zitawasha taa ambayo kijana anaweza kufanyia kazi? Na akianza kusimulia Dubai, wamkumbushe kwamba kurasa nne zilibaki, na saa sita usiku haingoji.